Uso Usiopigwa Pasi

Mwalimu wangu wa uchoraji, mama mstaafu anayeishi kando ya barabara ya kwenda msituni, alinipa sharti moja: kabla ya kuchora uso ninaoupenda, ninakili kwanza uso wa mtu nisiyemjua. Akanipa picha ya mzungu mwenye ndevu, aliyejichora mwenyewe zamani kwa mistari minene ya rangi ya mafuta.

"Mwalimu, nimwige mzungu aliyekufa? Hiyo ndiyo sanaa?"

"Umemaliza maswali?"

"Bado."

"Basi uliza mkono ukifanya kazi."

Nilikuwa na haraka, na haraka yangu ilikuwa na sababu. Kukhu, nyanya yangu aliyenilea huko Iguhu, alikuwa akipoteza macho kwa ugonjwa wa presha ya macho. Daktari alisema dawa zingechelewesha tu, kilichopotea hakirudi. "Naonanga kama kupitia tundu la ufunguo," aliniambia. Hakuwa na picha yake ila ile ya kitambulisho. "Pale niko kama mwizi wa kuku. Nichore vizuri, nijione kabla ya giza."

Nakala yangu ya kwanza ilikuwa laini na safi, nami nikajivunia. Mwalimu alichukua kisu, akaukwangua uso wote.

"Umempiga pasi huyu mtu. Nyanya yako analimaje shamba la mteremkoni?"

"Analima akikatiza mteremko, mvua isibebe udongo."

"Kumbe anausoma mteremko kwanza. Shavu nalo lina wake. Usome ndipo uweke brashi."

Nikaanza upya. Nilibisha kuhusu rangi ya kijani chini ya jicho la yule mzungu; nani ana kijani usoni? Mwalimu hakubishana, alinituma nyumbani tu. Nilimkuta Kukhu kwenye mlango wa jikoni, akipukuchua mahindi, jua likipenya majani ya migomba. Kijani kilikuwa pale usoni mwake, chini ya taya. Miaka yote hiyo nilikuwa nimekaa naye bila kukiona.

Msimu ule mvua ilinyesha kila alasiri na rangi ikakataa kukauka. Hata hivyo nilimpelekea Kukhu ile nakala, ajue kazi inasonga. Aliipakata, akaisogeza karibu na jicho, akachoka. Kisha akaweka kidole gumba kwenye shavu la mzungu na kukiteremsha.

"Kukhu! Ni mbichi!"

Hakutoa kidole. "Huyu alikuwa amekonda. Hapa mfupa, hapa shimo. Alikuwa mgonjwa?"

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu mtu yule. Nilisimama pale na hasira yangu, nikaona haina kazi.

Uso wa Kukhu niliuchora kwa rangi nene, kila mstari ukifuata mfupa. Alikaa mlangoni, akinikemea kwamba namtazama kama ng'ombe wa mnada. Nilipomaliza ikabidi tusubiri rangi ikauke, na katika kusubiri huko tundu la ufunguo likazidi kuziba. Siku nilipomletea picha, aliona mwanga wa mlango na kivuli changu, basi.

Nilitaka kuomba msamaha. Yeye alikuwa ameshaanza: mkono mmoja kwenye kanvasi, mwingine usoni mwake, vidole vikienda pamoja, paji kwa paji, shavu kwa shavu.

"Pua yangu ni kubwa hivi?"

"Ni kubwa, Kukhu."

"Hata baba yangu alikuwa nayo." Akacheka, akarudi kwenye kidevu, akakaa hapo. "Mwizi wa kuku ameenda."

Bado sijui kama kuiga kunamfaa kila mwanafunzi, na Mwalimu bado ananiambia niulize mkono ukifanya kazi. Namshukuru kwa kile kisu. Nilipomwonyesha nakala yenye alama ya kidole gumba shavuni na kumuuliza nirekebishe vipi, aliichukua, akaitundika ukutani kwake kama ilivyo.