Kocha Aliyemsemea Bosi

Watu wa Niboye, hapa Kigali, watakuambia Silvère Ndihokubwayo alifukuzwa chuoni kwa sababu timu yake ilifungwa. Waongo. Sikiliza ilivyokuwa.

Alizaliwa Buyenzi, Bujumbura, mtoto wa wakimbizi Wanyarwanda, akacheza winga ya kushoto hadi goti likamkatalia. Baada ya vita vya Rwanda akaja Kigali, katika nchi ya wazazi wake ambayo hakuwahi kuiona, na huko Muhima alikouza vipuri wakamcheka: huyu Mrundi kaja lini? Ilimuuma, we acha tu. Basi akawa anakaa na wazee kwenye sherehe za watu, anasikiliza wanavyoombeana wachumba kwa mafumbo, mpaka Kinyarwanda chake kikawapita waliozaliwa hapo hapo. Watu wakaanza kumtafuta awe msemaji wa upande wa mume, yule anayeitwa umukwe mukuru. Kila alipopigiwa makofi alijiona amefika kwao.

Lakini moyo wake ulikuwa kwenye mpira. Aliichukua timu ya chuo kimoja cha binafsi wakati uwanja ni vumbi tupu na wachezaji wanakuja na njaa. Aliwafundisha, akawatukana kwa Kiswahili cha Buyenzi, akawalisha maharage nyumbani kwake, mkewe Spès akinung'unika jikoni. Makocha wenye vyeti walikuja wakaondoka, yeye akabaki, na miaka yote hiyo chuo kilimwita kocha wa muda. Muda gani huo usiokwisha? Mtu aliota mvi akiwa wa muda!

Mwaka huu timu ikaingia fainali ya vyuo kwa mara ya kwanza. Mkuu wa chuo, Daktari Kabera, akatamka mbele ya wachezaji wote kwamba kombe likija, Silvère ni kocha wa kudumu. Silvère alilia palepale, wala hakuona haya.

Wiki ile ile Kabera akamwita ofisini.

"Mzee Silvère, kijana wangu anaposa Jumamosi. Nataka unisemee wewe."

"Jumamosi, Dogiteri? Si ndiyo siku ya fainali?"

"Mechi ni jioni, sisi tunaanza asubuhi. Au unataka niaibike mbele ya wakwe?"

Mtu mwenye akili angesema hapana. Wapi! Kichwa kilishamvimba. Mrundi wa Muhima leo anaombwa awasemee wakubwa! Halafu, tuseme ukweli, nani anamkatalia bosi aliyeshika kazi yake mkononi? Akakubali. Spès alimwonya, "Papa Joselyne, mshika mbili moja humponyoka." Akamjibu kwamba haya mambo hayamhusu.

Asubuhi ikageuka mchana. Huko Gisozi, nyumbani kwa binti, wenyeji hawakuwa tayari, na walipokuwa tayari, msemaji wao mzee Melchior akawa mtu wa utani usio na mwisho. Hapa hatuna binti. Binti tunaye, lakini anasoma. Kwanza nyinyi ni nani? Silvère alijibu kila fumbo, hema zima likicheka, huku jasho likimtiririka chini ya shuka la heshima alilofungiwa begani. Na mila haina huruma: msemaji hanyanyuki kabla ng'ombe hawajasifiwa na pombe haijanywewa. Akiondoka mapema, ni sawa na kuivunja posa.

Jioni ikafika, mechi ikaanza bila yeye, simu ikatetemeka. Akauchungulia ujumbe wa msaidizi wake, Munyakazi: nahodha wetu Clovis anachechemea, nimtoe? Silvère hakuweza kujibu, macho yote yalikuwa kwake. Munyakazi naye hakuthubutu, maana aliwahi kuambiwa kwamba yeyote atakayeigusa timu ile bila ruhusa atamtambua Silvère ni nani. Clovis, beki wa kati, akabaki uwanjani na mguu mmoja, na mabao yote mawili yaliyowanyima kombe yakapita upande wake. Wakati huo kocha wake alikuwa amesimama anakabidhi ng'ombe kwa maneno matamu. Alipigiwa makofi kuliko siku zote.

Jumatatu Kabera alimpokea bila hata kumkaribisha kiti.

"Kocha gani anaiacha timu yake siku ya fainali?"

Silvère alitabasamu, akidhani anataniwa. "Dogiteri, si nilikuwa kwako?"

"Nilikuomba, sikukulazimisha. Bodi inataka mtu makini. Mimi siwezi kukutetea."

Mtu aliyewashinda wazee wa Gisozi kwa maneno akageuka kuondoka. Alipofika mlangoni Kabera akamwita tena, sasa kwa sauti ya upole.

"Lakini mzee, wakwe wamekupenda mno. Baada ya harusi, watakapokuja kumtembelea binti yao, utatusemea tena, sivyo?"

Spès aliposimuliwa alipiga mwiko mezani. "Kweli shukrani ya punda ni mateke! Hana hata aibu! Na wewe ukamjibu nini?"

Silvère alikuwa ameinama anavua viatu, wala hakuinua uso.

"Nilimuuliza wakwe watafika saa ngapi."