Kifaranga Ndani ya Shati

Juzi radi ilipopiga karibu, binti yangu alianza kulia, nami ghafla nikasikia harufu ya mavi ya kuku.

Ilikuwa harufu ya alasiri moja ya utotoni mwangu, mtaani kwetu Katuba, upepo ulipoanza kung'oa mabati ya banda la kuku. Mama aliingia ndani mbio, akanisukuma chini ya meza, akanitia kifaranga ndani ya shati.

"Huyu iko naogopa sana," alisema kwa Kiswahili cha kwetu. "Ukilia, atakufwa."

Kisha akatoka. Kupitia mlangoni nilimwona akipanda juu ya banda na kulala kifudifudi, mikono ameitanua, ili mabati yasiruke. Leo najua alivyokikaribia kifo, juu ya mabati huku radi zikipiga. Siku ile nilimwogopea kifaranga tu. Alitetemeka kifuani mwangu, nami nikameza kilio, nikamnong'oneza: "Maman iko nakuja."

Alikuja, amelowa chapachapa. Kuku walipona, na kwa miaka nilijivuna kwamba mimi ndiye niliyemtuliza yule kifaranga.

Juzi nilimwekea binti yangu mwanasesere wake ndani ya shati.

"Huyu iko naogopa sana," nilimwambia.