Ribaundi Zangu na Ng'ombe wa Baba

Siku yangu ya kwanza kazini niligundua kwamba sina kazi. Kwenye karatasi nilikuwa karani wa masjala katika shirika moja jijini Mwanza. Masjala yenyewe haikuwa na kiti changu, na mzee aliyenipokea alinipima kwa macho kutoka kisigino hadi utosi, akasema, "Wewe ni wa uwanjani. Pita nyuma." Ndivyo mpira wa kikapu ulivyotulisha enzi zetu: unaajiriwa kwa cheo, unatumiwa kwa urefu.

Kocha Mkuu wa timu ya wanawake, mwanajeshi mstaafu aliyenifika kifuani, alinisubiri na filimbi mkononi.

"Unacheza wapi?"

"Senta, kocha." Senta ni yule anayekaa chini ya kikapu akipigwa viwiko.

"Wastani wako wa ribaundi kwa mechi?"

Ribaundi ni mpira uliokosa kikapu ukarudi. Anayeudaka anaandikiwa moja. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki yangu. Kufunga walifunga wengine.

"Zipo kidogo," nikajibu.

"Kidogo ngapi?"

"Kidogo tu, kocha."

Zuhura, mchezesha timu wetu, binti mfupi wa Temeke asiyejua kunong'ona, akaangua kicheko. "Kocha, utakesha! Msukuma huyo. Muulize ng'ombe, atakwambia wana kindama kimoja, kumbe zizi limejaa mpaka barabarani!"

Aliniweza. Kwetu Dutwa idadi ya ng'ombe haikutajwa. Mnunuzi akija, Baba alisema "tunao kidogo," na mimi nilikua nikijua kwamba ukihesabu mali kwa sauti unaiita balaa. Imani hiyo niliibeba mpaka chuo kikuu, nikaenda nayo darasani kusomea, cheka tu, takwimu. Ningeweza kukukokotolea wastani wa kitu chochote duniani, ila changu.

Siku hizi kijana anadaka mpira na kabla hajatua namba yake iko mtandaoni. Sisi tulikuwa na mtakwimu mmoja mezani na penseli yake, na namba zake hazikuvuka geti la uwanja. Klabu ya nje ikikutaka, ilikuuliza mwenyewe. Wakala kutoka Nairobi aliniuliza, nikamwambia najitahidi. Akamchukua senta niliyekuwa nikimdakia mipira juu ya kichwa msimu mzima. Mwaka uliofuata akaja mwingine, nikajitahidi tena.

Nilipofikisha miaka thelathini na moja, klabu moja ya Misri ikaulizia. Huko hakukuwa na masjala. Ningelipwa kwa kucheza, mkataba ukisema hivyo waziwazi. Meneja wa Timu, mama wa Kihaya aliyevaa suti hata mazoezini, aliniita ofisini.

"Jumatatu wanapiga simu ya video. Wakikuuliza, utasema nini?"

"Nitasema ninajitahi..."

"Koma! Mtu mzima una digrii. Ukisema hilo neno, ninashika simu mimi na kuwauzia Zuhura kuwa ni senta."

Jumatatu nikataja. Ribaundi, misimu niliyoongoza ligi, mara nilizochaguliwa mchezaji bora, kila kitu. Sauti ilinitoka kama ya mtu anayeungama. (Wewe msomaji sitakutajia, usinilazimishe.) Wakanikubali palepale.

Wiki haikuisha. Nilikuwa mazoezini, hakuna aliyenigusa, niliruka nikadaka, nikatua, na goti likageukia upande ambao goti haligeukii. Kano ilikatika. Baada ya upasuaji nikarudishwa Dutwa na magongo mawili.

Wamisri walikuwa waungwana. Waliandika kwamba watanisubiri msimu mmoja, nithibitishe tu kwamba nitakuja. Sikujibu. Nilizunguka ua na magongo asubuhi hadi jioni, kuku wakinipisha, Mama akinisihi nikae. Ningekaaje? Kichwa kilichosomea takwimu kilijua kwamba jambo kufuata jingine si kusababishwa nalo. Goti lilijua vingine. Nikithibitisha ningekuwa nimeitaja bahati yangu mara ya pili, na nilikuwa nimebakiwa na goti moja.

Siku za kujibu zilipokaribia kwisha, nikamfuata Baba alipokuwa akirekebisha wigo wa zizi.

"Baba, nilitaja idadi."

"Ya nini?"

"Ya ribaundi. Ndiyo maana nimeumia?"

Hakuacha kazi. "Ng'wanone, mwanangu, hizo ribaundi zina pembe?"

"Hapana."

"Zinakunywa maji?"

"Baba, wewe hukutaja ng'ombe hata siku moja!"

"Ningetajaje, na baba zako wadogo wamekaa pale wanasikiliza? Kila mmoja ana kijana anayetaka kuoa. Nikisema wako wengi, kesho nabaki na mbwa."

"Na babu?"

"Babu yako alikuwa na ndugu saba. Yeye ndiye aliyeogopa kweli."

Nilicheka mpaka gongo likaniponyoka. Jioni hiyohiyo nikawajibu Wamisri.

Nilicheza kwao misimu miwili. Wa kwanza niliongoza timu kwa ribaundi. Wa pili niliongoza benchi kwa kushangilia. Nikastaafu katika umri ambao ualimuni ningeitwa kijana, na ambao kikapuni ni ubibi kabisa. Sasa nafundisha hisabati Bariadi, na jioni nawafundisha wasichana kudaka mpira kwenye uwanja wa saruji wenye ufa. Kustaafu sijakuzoea. Nasahihisha madaftari nimesimama. Nikikaa, miguu inaniuliza mechi ni saa ngapi, na nikiinyamazisha hiyo, misimu niliyopoteza kwa "najitahidi" inaanza kupita mmoja mmoja.

Baba alishafariki. Mwaka jana, tukichambua mchele, nilimsimulia Mama kisa cha baba wadogo na ng'ombe, nikitegemea acheke.

Hakucheka. "Baba zako wadogo? Wao ndio waliokuwa wakichunga. Idadi waliijua kuliko yeye."

"Sasa mbona aliniambia vile?"

"Aliniambia lazima akutoe uani, hata kwa uongo," Mama akasema. "Siku ulipopanda ndege hakugusa chakula. Akakaa na simu mapajani, hataki mtu amsemeshe, mpaka ulipopiga ukasema umefika mzima."