Sahani ya Macho

Soseji kumi na mbili, mayai manane ya kuku wa kienyeji, pakiti mbili za spageti na bitiruti moja kubwa. Hivyo ndivyo vitu alivyoniagiza binti yangu sokoni, kwa mwandiko mzuri ambao sijawahi kuuona kwenye madaftari yake ya shule, na chini akapiga mstari: "Mama usisahau, ni vya kutisha." Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa ameona kwenye simu yangu watoto wa Ulaya wakisherehekea Halowini, ile siku yao ya mwisho wa Oktoba ya kujivika mizuka na kula vyakula vya kuogofya. Tangu hapo nyumba yetu ya Singida mjini haikutulia.

Mimi ni mwepesi wa hasira na mwepesi wa kucheka, na mara nyingi mambo hayo mawili hunijia kwa pamoja. Nilianza na hasira. Nilimwambia kwetu hakuna Halowini, kuna upepo, mawe na alizeti, na kama anataka kutishwa aende akafungue daftari lake la hesabu. Akanijibu, "Mama, ni tambi tu. Tambi zilizovalishwa nguo." Nikacheka. Nikishacheka huwa nimeshashindwa.

Wiki hiyo mama yangu alikuwa kwetu. Nilikuwa nimemfuata kijijini Sepuka kwa sababu mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, na Jumatatu madaktari wa macho walikuwa wanakuja hospitali kufanya upasuaji. Alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Watu aliwajua kwa sauti au kwa kishindo cha miguu. Na hiyo ilikuwa mara yetu ya tatu kujaribu. Mara ya kwanza alifika hadi kwenye benchi la hospitali, akaomba kwenda msalani, tukaja kumkuta stendi ameshakaa ndani ya gari la Sepuka, na nauli ameshalipa. Mara ya pili hakutoka hata nyumbani. Alisema kuna mbuzi anakaribia kuzaa. Nilipokwenda kumwona huyo mbuzi, alikuwa beberu.

Nilijua anachoogopa. Kijijini walimwambia kwamba daktari analitoa jicho zima, analiweka kwenye kisahani, analiosha, halafu analirudisha mahali pake. Mama aliamini kila neno na akaongezea la kwake: je, kuku akipita? Muuguzi alimweleza taratibu kwamba jicho halitoki, kinachotolewa ni ule ukungu tu. Mama akaitikia "Ndiyo, mwanangu" kwa adabu zote, na hakuamini hata kidogo. Mimi nilimbembeleza, nikamlilia. Lakini mimi ni mwanawe, na mtu hamtanii mama yake mzazi. Maneno yangu yote yalikuwa mazito, na nikitaja jicho tu, anageukia ukutani. Ijumaa niliona nyuma ya mlango kifurushi chake, khanga imekazwa fundo, tayari kwa safari. Nikajua akikimbia na mara hii, simrudishi tena. Atamalizia maisha yake gizani.

Binti yangu hakuwa anajua habari za kisahani. Sikumwambia. Mimi ndiye niliyejua, na Jumamosi ile, kwa utamu wa kuchezea chakula, nilisahau kabisa.

Tulianza saa tisa alasiri. Tulikata soseji vipande, kila kipande tukakichoma kwa vijiti vya spageti mbichi vikatokea upande wa pili, halafu tukavitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Nilikuwa na uhakika vitakatika. Havikukatika. Vililegea, na kila soseji ikawa mdudu mwenye miguu mirefu anayeogelea kwenye sufuria yangu ya wali. Mimi ni fundi cherehani mwenye wateja wa heshima, nina miaka arobaini na mmoja, na niliruka nikapiga ukelele na kumshika binti yangu mabega. Naye akaruka. Tukaruka wote wawili pale jikoni, hakuna anayejua kwa nini, hadi mfuniko ukaanguka.

Soseji zilizobaki tulizifanya vidole, na kucha zake vipande vya kitunguu. Bitiruti tuliikwangua, tukaikamua, ikawa damu. Hakuna aliyeniambia kwamba bitiruti haitoki mikononi. Hapo ndipo jirani yangu, mama mcha Mungu kabisa, alipokuja kuazima chujio. Akasimama mlangoni. Akanitazama mikono hadi kwenye viwiko, akatazama sinia la vidole, akamtazama binti yangu aliyejifunika shuka jeupe lenye matundu mawili. Akasema, "Nitarudi." Hakurudi hadi Jumatano.

Kilichotuua mbavu ni mlenda. Picha za kwenye simu zilionyesha tambi zenye ute wa kijani, na binti yangu alikuwa anataka nikamtafutie rangi madukani. Rangi ya nini, wakati mama alikuja na mfuko mzima wa unga wa mlenda? Tuliupika mzito, tukaumimina juu ya spageti, tukakoroga. Basi tambi zikagoma kukamatwa. Ukiziinua kwa uma, zote zinarudi chini kwa pamoja. Binti yangu akashika moja kwa vidole akaanza kuivuta, ute unamfuata, akapanda kwenye stuli, ute bado unamfuata. Nilikaa chini sakafuni nikicheka kwa mayowe.

Kutoka chumbani mama akauliza kwa Kinyaturu ni nani amekufa.

"Hajafa mtu, bibi," binti yangu akamjibu. "Tunakupikia wewe usiye na meno."

"Mpike haraka, mwenye masikio ya punda wewe."

Kwetu bibi na mjukuu ni watani. Hao wawili walikuwa wanarushiana maneno hayo tangu asubuhi hadi jioni, na mimi napita katikati yao bila kuruhusiwa kuongeza hata neno moja. Nikiri kwamba nilikuwa nawaonea wivu.

Mwisho binti yangu aliyashika mayai. Aliyamenya, kila moja akalichimba kishimo, akapachika kiduara cha karoti, na katikati ya karoti punje ya pilipili manga. Kwa kijiti cha meno akachora mishipa ya damu ya bitiruti. Yalikuwa yanakutazama kweli. Nilimsifu. Tena nikamwambia aongeze mishipa.

Tulikula jua halijazama, kwa kuwa mama hapendi kula usiku. Nyumbani kwetu mkubwa ndiye anayeanza, na hakuna mkono unaogusa chakula kabla yake. Mama alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta. Nikamnawisha. Binti yangu akaja na shuka lake la mzuka, akapiga goti, akamwekea mbele sahani nzuri kuliko zote: kichuguu cha tambi za kijani, na juu yake macho manne.

Nilikuwa bado nimeshika birika la maji nilipoyaona yale macho, safari hii yakiwa mbele ya mama yangu. Nikakikumbuka kisahani. Nilitaka kuivuta sahani lakini vidole vyake vilikuwa vimeshashuka. Vikapapasa tambi, vikasita kwenye ule ute, vikapanda, vikakuta kitu cha mviringo, laini, chenye majimaji. Akakigeuza geuza.

"Hiki nini?"

"Jicho, bibi," binti yangu akasema kwa sauti nzito ya mzuka. "Limetolewa leo hii."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama hakulitupa lile yai. Alilishika tu, uso umekauka, na mimi nikaanza kuhesabu kichwani ni saa ngapi gari la kwanza la Sepuka linatoka.

"Mmeliweka kwenye sahani," alisema polepole.

"Kwenye sahani, bibi. Na wenzake watatu wako hapo."

"Limeoshwa?"

"Limeoshwa, na chumvi nimetia."

Mama akaligeuza tena. "Na kuku yuko wapi?"

Binti yangu hakulielewa swali hilo, nilimwona macho yake kwenye matundu ya shuka yakinitafuta. Lakini mtani hashindwi jibu. "Kuku ndiye aliyelileta, bibi."

Mama akaliinua hadi puani. Akalinusa. Akaling'ata nusu, akatafuna, na mimi nikaona mabega yake yanaanza kutikisika.

"Yai!" akasema. "Wewe mtoto mshenzi! Yai!"

Sijawahi kumsikia mama akicheka vile, hata baba alipokuwa hai. Alicheka akaegemea ukuta, akateleza, akalala ubavu mkekani, mlenda unamtiririka kidevuni, na kila akijaribu kusema kitu anaishia kwenye neno "kuku" na kuanza upya. Mzuka naye akaanguka kwa upande wake, amejiviringisha ndani ya shuka. Mimi nililia na kucheka pamoja, birika likamwagika, tambi zikaloa, na hakuna aliyejali. Tulitupa uma pembeni tukala kwa mikono, tena kwa mbio, maana tambi za mlenda hazimsubiri mtu. Mama alikula macho yote manne.

Alipomaliza alisema, bila kumgeukia yeyote, "Miaka mitatu nakiota hicho kisahani." Halafu akamwambia binti yangu amletee khanga iliyo kwenye kifurushi nyuma ya mlango ajifute mdomo. Nikasikia fundo likifunguliwa.

"Jumatatu ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa moja asubuhi, mama."

"Huyu mtani wangu ndiye atakayekaa na mimi. Wakilitoa, afukuze kuku."

Jumatatu alikwenda, na hakuomba kwenda msalani. Walimfanyia jicho moja kwanza. Jumanne asubuhi muuguzi akamfungua bandeji pale kwenye benchi, akamwambia afumbue taratibu. Binti yangu alisimama mbele yake na sare ya shule, mikono nyuma. Mara ya mwisho bibi yake kumwona vizuri alikuwa na miaka saba.

Mama akapepesa jicho. Akamtazama kuanzia viatu, akapanda.

"Nani huyu mrefu?"

"Mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo karibu." Akamshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kulia, akaugeuza kushoto. "Kumbe masikio ni ya punda kweli. Mimi nilikuwa nakusingizia tu."

Binti yangu akacheka, halafu akamlalia mapajani na kulia kwa sauti hadi wagonjwa wengine wakageuka. Nami nikainama kuwainua wote wawili, mtandio ukanianguka mabegani. Mama akaniona. Hatujawahi kutaniana, mimi na mama yangu, na hata siku ile hakunitania. Alinitazama kichwani muda mrefu.

"Mbona hukuniambia kwamba umeota mvi?" akaniuliza.

Akanivuta mkono nikakaa chini mbele yake, pale pale hospitalini, watu wanapita, akaanza kuning'oa mvi, moja, nyingine, nyingine tena, kwa sababu sasa alikuwa anaziona.