Mama Alivyomvunia Wifi Pamba

Wifi yangu ni daktari, lakini usimpelekee kikohozi. Ni daktari wa pamba. Anasema kila uzi wa pamba ni seli moja tu: kwanza inarefuka, halafu inajijengea ukuta kwa ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka iwe imara. Jeni ndizo zinazoamua lini iache kurefuka ianze kunenepa. Mimi humtania, "Wifi, jeni zangu ziliamua zamani!" Zamani alicheka. Siku hizi hacheki.

Misimu na misimu alikuwa akichanganya pamba ndefu na pamba imara, amtafute mtoto mwenye sifa zote mbili. Kila tunda alilifunga utepe wa rangi, ajue wazazi wake. Bila utepe, pamba zote ni nyeupe tu.

Basi mama yangu, mkwe wake, akaja kututembelea. Mchana akampelekea wifi chakula kazini, akakuta yuko mkutanoni. Akachungulia bandani mwa majaribio ya wifi, akaona pamba zimepasuka, nyeupe pee. Maskini mama! Akaona mtoto wa watu kazi zimemzidi. Akatandaza mtandio, akachuma zote, na tepe akazitupa kama takataka.

"Nimekuvunia, mwanangu!" akasema jioni, uso umemchanua.

"Asante, mama," wifi akajibu. Kisha akajifungia chooni akalia.

Kesho yake mkurugenzi akamuuliza nani aliingia bandani. Ulimi hauna mfupa. Wifi akasema, "Sijui. Labda mlinzi aliacha mlango wazi." Mlinzi akafukuzwa kazi. Na ni wifi huyohuyo aliyekuwa amemwagiza, "Mama akija, mfungulie."

Tangu hapo chakula hakimshuki. Nikamvaa: "Mwenzio ana watoto! Si useme ukweli?"

"Mama akijua ameniharibia kazi yote, nitamtazamaje?"

"Na mlinzi unamtazamaje?"

Akainama. Hatia ilikuwa imemkausha mpaka nikamhurumia, ingawa hasira zangu hazikuisha.

Leo asubuhi akaenda kwa mkurugenzi akasema yote. Mkurugenzi akashangaa. "Mbona mlinzi mwenyewe alikiri kwamba alisinzia?" Hata hivyo akakubali mlinzi arudi kazini kesho.

Tukaenda mbio kwa mlinzi. Tulimkuta uani anafua sare, airudishe ofisini ikiwa safi.

"Baba, kwa nini ulisema ulisinzia?" wifi akamuuliza.

"Daktari, ningemtaja mama yule? Alinisalimia kama mwanawe. Nikaona na wewe umenyamaza, nikajua unamsitiri. Nikasema, basi, tumsitiri sote wawili."

"Mimi sikunyamaza," wifi akasema, machozi yanamtoka. "Mimi ndiye niliyekutaja wewe."

Mlinzi akaacha kukamua shati. "Wewe, daktari?"

Habari ya kurudi kazini tulikuwa nayo mdomoni, na hakuna kati yetu aliyeweza kuitoa.