Spika Mbili za Marehemu

Jumamosi nilikuwa kwa fundi redio, Igogo, walipoingia ndugu wawili na mama yao, wamebeba spika mbili alizoacha baba yao. Kaka alikuwa na redio kaseti. Mdogo wake alikuwa na mashine mpya ya si-di kutoka Dubai.

"Fundi, zote mbili ziunge kwenye spika hizi," kaka alisema.

Fundi alikuna kichwa. "Zikipiga kwa pamoja zitaunguzana. Nitaweka swichi. Mmoja akipiga, mwenzake anasubiri."

"Swichi itakaa chumba cha nani?" mdogo aliuliza.

"Cha mkubwa," kaka alijibu.

"Basi nipe spika yangu moja."

"Baba yenu alizinunua ziwe pamoja," mama alisema taratibu.

Hakuna aliyegeuka. Kila mmoja alikumbatia spika yake, wakaondoka bila kuagana, mama wamemwacha kwenye benchi.

Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Tulipopita kwenye maduka yaliyojaa redio za kila aina, akaniuliza, "Mwanangu, hivi miaka ile maduka yalipokuwa matupu, tulikuwa tunalia tumekosa nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba ni sukari na sabuni, nikaona aibu kumtajia vitu vya dukani.