Kufuli la Emérance

Mtaa mzima wa Shituru ulimjua Emérance kwa vitu viwili: sombe lake, yale majani ya muhogo, na mdomo wake. Mkahawa wake ulikuwa chumba kimoja cha matofali karibu na reli, na wafanyakazi wa kiwandani walipotoka zamu waliingia hapo kula bukari, ugali wa huko, kabla ya kwenda nyumbani.

Siku hiyo waliingia wanaume wawili wenye beji shingoni, wala hawakuomba sahani. Walisema jina la mkahawa lililopakwa rangi ukutani linadaiwa kodi. Emérance akawaomba karatasi. Wakacheka. Mmoja akanyoosha kiganja: awape kitu cha kunywa, mambo yaishe.

"Kinywaji iko ku mutungi," Emérance akajibu. "Kopo ile pale."

Hapo wakawatoa wateja na kupiga kufuli mlangoni, chungu kikiwa bado motoni ndani. Emérance alimwaga maji kupitia dirisha ili nyumba isiungue. Harufu ya sombe lililoungua ilitanda mtaani hadi jioni.

Mumewe, Evariste, alikuwa mtu wa amani, mtu wa kwaya ya parokia. "Mama Jenny," akamwambia kwa jina la mtoto wao, kwa sauti ya chini, "wape kitu kidogo. Kila muntu anatoaka."

"Basi minye Emérance haiko kila muntu."

Kesho yake alivaa kitenge chake cha misa, akaenda mjini kwenye ofisi ya kodi. Barazani walikaa wanaume wenye mikoba. Hawakuwa wafanyakazi wa ofisi. Waliishi kwa kulipwa na watu ili wawaingilie ofisini kwa niaba yao. Mmoja wao, Gauthier, mwenye tai nyekundu, aliinuka haraka.

"Maman, problème ya kodi? Unanipatia kitu, minye naingia, weye unapumuzika hapa."

"Haina muntu ndani anaelezaka bantu bure?"

"Bure?" Gauthier akawageukia wenzake, wakaangua kicheko. "Mu inchi gani, maman?"

"Mu ile inchi inanifungiaka mulango." Akampita.

Ndani, kila aliyemuuliza alimwelekeza kulekule barazani. Emérance akaona wanamzungusha kama mtoto. Akasimama katikati ya ukumbi, akavuta pumzi, akaitoa ile sauti aliyoitumia kuita wateja ng'ambo ya reli:

"Niko na swali ya kodi! Nani njo anajibuka hapa?"

Milango ikafunguka. Vichwa vikachungulia. Mlinzi akaja mbio, lakini kutoka chumba cha mwisho, nyuma ya makatoni yaliyorundikwa, mtu akaita: "Muache! Iko kazi yangu. Karibu, maman."

Aliitwa Athanase. Serikali ilimweka pale kuwaelekeza walipa kodi bila malipo, ila kiti cha wageni kilikuwa na vumbi. "Bantu banaishiaka ku baraza," alisema, akikifuta kwa leso yake.

Akamweleza taratibu. Wakala wa kweli huja na barua ya kazi yenye jina lake na muhuri. Anakupa nafasi ya kujibu kabla ya kufunga chochote. Na kodi hulipwa benki, haiwekwi kiganjani. Emérance akaanza kutabasamu. Kisha Athanase akaangalia kwenye kompyuta, akakuna shingo.

"Lakini jina ku ukuta, maman, iko na kodi ya kweli. Na ya mwaka huu haukulipa."

Emérance akainuka. "Kumbe balikuwa na haki?"

"Hapana. Kodi iko ya kweli. Bale bantu haiko ba kweli. Sisi hatukutuma muntu kwako."

Lilimuuma. Alikuwa amekuja kuambiwa kwamba hadaiwi hata senti. Alifungua pochi yake, akahesabu noti. Kisha akasema: "Onyesha benki. Ya serikali nitalipa. Ya woga, hapana."

Alilipa, na Athanase akamwandikia kwa muhuri kwamba lile kufuli si la ofisi. Emérance akarudi Shituru na msumeno wa chuma. Alikuwa ameanza kukata pale wale wawili walipofika kwa pikipiki.

"Gusa, utalala ku kashoo ya polisi!"

"Barua yenu ya kazi iko wapi?" aliuliza kwa sauti, majirani wasikie. "Soma majina yenu hapa. Minye nangojea."

Mmoja akaipapasa mifuko yake. Mwingine akaangalia watu waliozidi kusogea. Emérance akarudia kukata, msumeno ukiteleza juu ya chuma. Ndipo Evariste akapenya katikati ya watu, akauchukua.

"Lete. Minye nitakata."

Hakumwangalia mtu yeyote. Alikata, jasho likimtiririka, hadi kufuli likaanguka. Aliponyanyua kichwa, pikipiki ilikuwa imeondoka. Hakuna aliyewakamata, na baadaye walisikika wakitisha watu mtaa wa Kamatanda.

Habari hiyo ilimkera Emérance kuliko chungu chake. Jumatatu iliyofuata akawaongoza wanawake wa sokoni hadi ofisi ya kodi: muuza mkaa, mshonaji, Albertine wa samaki, kila mmoja na swali lake. Gauthier akasimama mlangoni.

"Maman, unaharibu kazi ya bantu."

"Njo ile nimefuata: kuiharibu," Emérance akasema, akamsukuma kwa bega, na wale wanawake wakaingia nyuma yake.